Wingu la Stamili

Mimi ndiye niliyetangaza kwamba Stamili haoni. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani namwandika mwanamke huyu kwa wema wa moyo. Jina langu ni Benedikto. Nimekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa korosho hapa Mnyambe kwa miaka kumi na moja, na katika kazi zote za uenyekiti hakuna niliyoipenda kama ukaguzi. Mtu akishapuliziwa mikorosho yake, mimi nilikwenda, nikasimama chini ya mti, nikatazama juu, nikatoa hukumu. Salfa, ule unga wa dawa ya mikorosho, imefika vileleni au haijafika. Nikisema haijafika, mpuliziaji anarudia, na hakuna pa kukata rufaa. Ukizoea madaraka ya namna hiyo unaanza kuamini kwamba una macho kuliko wenzako.

Stamili kwao ni Chiungutwa, upande wa Masasi. Aliletwa huku na ndoa akiwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mkimya, na wanawake wa hapa wakasema huyo hamalizi msimu mmoja wa kubeba maji. Wakakosea wote. Mumewe Hamudi ndiye aliyekuwa mpuliziaji wetu. Alipofariki, mashine ya kupulizia ikarudi kwenye kikundi, ikakaa chumbani kwangu imefunikwa gunia. Stamili alikaa eda yake miezi minne na siku kumi bila kupunguza hata saa moja. Siku iliyofuata, jua halijachomoza, akabisha hodi kwangu.

“Shikamoo, Baba Dominika.”

“Marahaba, Mama Awadhi. Kuna nini mapema hivi?”

“Nimefuata mashine.”

Nilicheka. Mashine ile ikijazwa mafuta na unga wa salfa ni mzigo wa kumwelemea mwanamume mzima, na injini ikiwaka inakutikisa mgongo mpaka meno. Nikamweleza. Akaniuliza kama Hamudi alizaliwa nayo mgongoni au alijifunza. Nikaona nisibishane na mjane, nikamtolea, nikijua ataiangusha kabla ya wiki kwisha na mambo yatajimaliza yenyewe.

Hakuiangusha. Misimu minane mfululizo alipulizia mashamba yetu, na nitasema kweli ingawa inaniuma: alikuwa bora kuliko Hamudi. Salfa hupuliziwa alfajiri, majani yakiwa bado na umande ili unga unate, na upepo ukiwa haujaamka. Jua likishapanda umepoteza kazi, unga wote unakwenda kwa jirani. Kwa hiyo kuanzia Julai, saa kumi za alfajiri, ulikuwa ukisikia mlango wa Stamili, halafu hatua zake, halafu kimya kirefu. Halafu ndipo injini inaunguruma. Kile kimya cha katikati hakuna aliyekijali. Mimi nilikuja kukijua Agosti mwaka jana, na natamani ningekijua kwa njia nyingine.

Siku hiyo nilifuatana naye kwa sababu zamu ilikuwa ya shamba la Cyril. Cyril ana mikorosho ya tangu enzi za baba yake, mirefu, na mdomo wake ni mrefu kuliko mikorosho. Alitaka mwenyekiti awepo. Tulipofika Stamili akatua mashine chini, akainua uso kutazama mashariki, akatulia tuli.

“Unatazama nini?” nikamuuliza.

“Wingu langu.”

Anga lilikuwa jeusi, limejaa nyota, bila wingu hata la ukubwa wa kiganja. Nikamwambia hakuna wingu. Akanyoosha mkono.

“Unaziona zile nyota tatu zilizopangana mstari? Sasa njoo kuliani mwake. Kuna nyota nyingine ndogo, nazo zimepangana. Ile ya katikati si nyota, Mwenyekiti. Ni kawingu. Mawingu mengine yote huja yakapita, hilo kila siku liko na nyota zake palepale. Likionekana safi najua juu hakuna ukungu, naanza kazi. Likififia, nasubiri kwanza.”

Nikafumba jicho la kushoto. Ndivyo nilivyozoea kutazama vitu vya mbali tangu ujana, nilipokuwa nikiwinda kanga kwa gobore. Nikatazama kwa jicho la kulia, kwa makini, mpaka shingo ikauma. Sikuona kitu.

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa mahali pengine hawezi kulijua. Kwetu, kila aliyewahi kushika salfa anajua inavyoingia machoni. Yanawasha, yanakuwa mekundu, na kutwa nzima unaona ukungu. Kwa hiyo hapa mtu akisema anaona ukungu, jibu ni moja tu: kanawe macho. Tangu nizaliwe sijasikia mtu akijibiwa vingine. Hakuna anayefikiria kwamba huenda huo ukungu upo kweli, huko anakoutazama.

“Mama Awadhi,” nikamwambia, “hiyo ni salfa. Macho yako yamekwisha.”

Akachukua dumu lake la maji ya kunywa, akanawa macho mbele yangu, taratibu, jicho moja baada ya jingine, akajifuta kwa pindo la kanga. Akatazama tena.

“Bado lipo,” akasema. Akabeba mashine yake akaanza kazi.

Kulipokucha nikakagua. Nilisimama chini ya mikorosho ya Cyril, nikatazama vilele, nikaona majani matupu. Nikatoa hukumu yangu: salfa haijafika juu. Na kwa kuwa nilishajua sababu, nikaitangaza palepale mbele ya Cyril, na ukimwambia Cyril jambo ni sawa na kulitangaza sokoni Newala. Nikamnyang'anya Stamili mashine, nikampa Kulwa, mtoto wa dada yangu, ambaye hata kuiwasha alikuwa bado anasaidiwa.

Sikuridhika na hapo. Kwenye kahawa nikawa na hadithi mpya: Stamili anaona mawingu. Watu wakacheka, nami nikanogesha. Kufikia Oktoba ilikuwa si mzaha tena. Vitoto vya shule vilimshika mkono kumvusha barabara. Mwenye duka akawa anamhesabia chenji kwa sauti, noti moja moja, kana kwamba anafundisha. Hakuna aliyemwita hata kupalilia. Mwanaye Awadhi, dereva wa bodaboda pale Masasi, akaja na pikipiki kumchukua.

“Mama, twende hospitali ya Mkomaindo ukapimwe macho. Halafu utakaa kwangu, upumzike.”

“Kupimwa nitakwenda,” Stamili akamjibu. “Kupumzika sijachoka.”

Akapimwa hospitali, na jioni ileile akarudi Mnyambe na karatasi. Alinikuta barazani. Karatasi ilisema macho yote mawili yanaona mbali vizuri, ila anahitaji miwani ya kusomea. Nilisogeza ile karatasi mbali, nikaileta karibu, nikaipeleka tena mbali, kisha nikamrudishia.

“Hii ni ya chumbani,” nikasema. “Mikorosho haioti chumbani.”

Nakumbuka uso wake. Hakulia, na wala hakunitukana, ingawa ningestahili. Aliikunja karatasi mara nne, akaiingiza kwenye pindo la kanga akafunga fundo.

“Baba Dominika, ungesema sijui kupuliza, ningekaa nikajifunza. Lakini umesema sioni, na mimi naona. Hilo sikuachii.”

Mwezi Januari akasikia kwamba Mwalimu Careen, anayefundisha fizikia sekondari, amerudi kutoka likizo kwao Moshi na darubini. Akaenda kwa miguu mpaka nyumba za walimu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye. Anasema alikuwa anafua, akaona mama amesimama mlangoni, amevaa shuka la kazi lililogeuka njano kwa salfa, akasalimia, akasema: “Mwalimu, nina wingu langu angani. Nataka mtu aliyesoma alitazame, aniambie kama lipo au halipo. Kama halipo niambie tu, nitajua la kufanya.”

Giza lilipoingia wakatoka nje. Mwalimu anasema hakuhitaji hata darubini. Alifuata kidole cha Stamili akacheka kwa furaha, kwa maana kwa miaka mitatu aliyofundisha huku hajakutana na mtu aliyeliona bila kuonyeshwa.

Hilo kundi la nyota, alimweleza, wazee wa pwani waliliita Jabari, na vitabuni wanaliita Orioni. Na lile kawingu ni wingu kweli. Ni gesi na vumbi, pana kiasi kwamba mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoupita kwa mbio, unahitaji zaidi ya miaka ishirini kulikatiza kutoka upande hadi upande. Nalo ni kipande tu kilichowaka cha wingu jingine kubwa mno, la giza, lililotanda karibu Jabari nzima na macho hayalioni. Ndani humo gesi na vumbi hujikusanya, hujibana, hupata joto, mpaka nyota mpya inawaka. Zimezaliwa nyingi humo, na nyingine zinazaliwa sasa hivi.

“Kwa hiyo ni vumbi,” Stamili akasema.

“Vumbi na gesi, mama.”

“Na linatembea?”

“Linatembea, ila liko mbali sana. Mwanga unaouona leo uliondoka kule yapata miaka elfu moja na mia tatu iliyopita. Wewe na wajukuu zako hamtaliona likisogea.”

Stamili akafikiri. Hakuulizia tena nyota zinazozaliwa, ingawa Mwalimu alikuwa amejiandaa kueleza mpaka asubuhi. Alisema, “Basi naomba uje Mnyambe na hilo dude lako. Usije kuwaeleza, wataniambia nimekufundisha maneno. Njoo wachungulie wenyewe.”

Ilikuwa msimu wa mvua. Mara ya kwanza waliyopanga, anga lilifunga. Mara ya pili likafunga tena. Mara ya tatu mvua iliwakuta njiani, wakarudi wamelowa chapachapa, darubini imeviringishwa kwenye kanga ya Stamili na yeye mwenyewe kichwa wazi. Mtu mwingine angesema basi, haikuandikwa. Kila baada ya siku chache yeye alikuwa mlangoni kwa Mwalimu, anauliza lini tena. Katikati ya Machi, siku tatu bila mvua, mwezi haupo, wakaja.

Ilikuwa saa mbili usiku, watu wametoka kula, kwa hiyo tulijaa uwanjani kwa Cyril. Mimi nilikwenda kwa sababu mwenyekiti asipokwenda ataonekana anaogopa. Stamili akasimama mbele, akawageuza watu waelekee magharibi, akaonyesha zile nyota tatu juu.

“Njooni kushotoni mwake,” akasema.

Kulwa akadakia. “Mama Awadhi, mwaka jana ulimwambia mjomba ni kulia.”

Watu wakacheka, nami nilikuwa wa kwanza. Stamili akangoja wamalize. “Mwaka jana ilikuwa alfajiri, tuliangalia mashariki. Sasa tumegeuka, mashariki iko mgongoni. Nyota zimebaki na upande wao, ni wewe uliyegeuka.” Kulwa akaanza kuzungukazunguka gizani akijipima mikono, na kicheko kikamhamia yeye.

Wakapanga foleni. Mmoja mmoja wakainama kwenye darubini, na mmoja mmoja wakainuka na sauti tofauti na ile waliyoinama nayo. Kulwa alikaa pale mpaka akavutwa shati. Cyril alisema lina rangi ya moshi, lina mbawa, na ndani yake kuna vinyota vimebanana. Zamu yangu ilipofika nikafumba jicho la kushoto, nikachungulia kwa la kulia.

Palikuwa na ukungu mtupu, mweupe, kila mahali, wala hakuna nyota hata moja. Nikainuka nikamwambia Mwalimu kioo chake kimeingiwa na salfa, na kabla hajanizuia nikakifuta kwa kofia yangu.

“Mzee, hii darubini haijawahi kufika shambani,” akasema kwa upole. Kisha akasogea, akasema kwa sauti ya chini mimi tu nisikie: “Hebu jaribu jicho la kushoto.”

Nikajaribu. Halikuwa zima sana nalo, lakini liliona. Liliona lile wingu limekaa pale limekunjua mbawa, na vinyota katikati yake, kama alivyosema Cyril. Nikarudi jicho la kulia, ukungu. La kushoto, wingu. Nilielewa kila kitu kwa mara moja. Nikamwachia mtu mwingine nafasi.

Ningesema palepale ingekuwa imekwisha. Lakini Cyril akapaza sauti: “Haya, wingu lipo, tumeliona. Lakini mikorosho yangu je? Mwenyekiti alikagua mwenyewe, salfa haikufika juu.” Watu wote wakanigeukia. Stamili naye akanigeukia. Nikasema usiku umeingia, tukalale.

Miezi miwili nilikaa na aibu hiyo. Nilikuwa nikifumba jicho moja na kutazama bati la jirani, kisha jingine, nikitumaini mambo yamebadilika. Nilikwenda chini ya mikorosho yangu nikatazama vilele kwa jicho la kulia, jicho la ukaguzi. Vyote vilikuwa sawasawa, kijani cha kufifia kisicho na jani wala ua. Kwa jicho lile ungeweza kunipakia mti mzima unga wa sembe nisijue. Lilikuwa limeingia mtoto wa jicho taratibu, na mimi mwaka baada ya mwaka nililaumu vumbi, moshi, na mawingu.

Nikamwita Kulwa. “Mwaka jana, kwa Cyril, nilipokupa mashine ukarudie. Ulikuta nini kule juu?”

Akaangalia pembeni. “Nilikuta unga, mjomba. Ulikuwa mpaka kileleni. Nilipuliza kidogo tu kwa sababu uliniamuru.”

“Na kwa nini hukusema?”

“Ungenisikia?”

Mkutano wa kugawa mashine ulikuwa mwishoni mwa Mei, katika darasa la shule ya msingi. Stamili alikuwepo, amekaa dawati la mbele kabisa, amevaa shuka lake la njano kana kwamba kazi ni kesho. Hakuwa ameahidiwa chochote. Mashine ilikuwa juu ya meza, mbele yangu, na jina la Kulwa nilikuwa nimeshaliandika karatasini siku nyingi. Ningeweza kulisoma tu na tukaenda nyumbani. Sitajisifu kwamba sikulifikiria. Nililifikiria mpaka nilipofungua ile karatasi na kuiinua kwenye jicho la kushoto, na nikaona Stamili ananiangalia ninavyoiinua. Alikuwa ameshajua. Sijui tangu lini, pengine tangu siku ile ya karatasi ya hospitali niliyoisogeza na kuirudisha, na alikuwa anangoja niseme mwenyewe.

“Salfa ilifika,” nikasema. Sauti ilinitoka ndogo, ya kukwaruza. “Mwaka jana, kwa Cyril. Ilifika mpaka juu. Mimi ndiye sikuona. Jicho langu la kulia ni bovu, na la kushoto linalifuata. Wingu lilikuwepo, na salfa ilikuwepo. Aliyekuwa haoni ni mimi.”

Kulwa aliinama akachezea kamba ya kiatu. Nikasogeza mashine mbele ya meza, nikasema, “Mama Awadhi, njoo uchukue kazi yako. Na ukaguzi nauacha leo, mtafute mwingine.” Nilidhani hapo nimemaliza, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kujisikia mtu mwema.

Stamili hakusimama.

“Baba Dominika,” akasema, “miezi yote hii watoto wamenishika mkono kunivusha barabara. Uliposema sioni ulisema kwa sauti, ukasema shambani, ukasema kwenye kahawa, watu wakasikia mpaka Newala. Leo umesema kwa kunong'ona. Walioko nyuma hawajasikia.”

Nikatazama nyuma ya darasa. Sikuweza kuona ni akina nani waliokaa kule, niliona vichwa tu. Nikasimama, nikashika meza kwa mikono miwili, nikasema tena tangu mwanzo, kwa sauti.